Masikio ya Mgongoni

Chuoni, 4 Februari

Dada,

Nimeota tena nimekubeba. Safari hii njia ilikuwa nyeupe kama imetandazwa unga, na nyayo zangu hazikutoa mlio wowote. Ulikuwa mgongoni, mzito kidogo kuliko tulipokuwa watoto, ukinigonga begani kwa kidole, mara bega la kulia, mara la kushoto, lakini nilikuwa nimesahau maana ya kila pigo. Nimeamka bega likiniwasha.

Unakumbuka Bibi alivyotugawia kazi? Wewe miguu yako ilikataa tangu kuzaliwa. Mimi miguu ilikuwa mizima lakini akili ilikaa mawinguni, naitwa mara tatu siitiki. Akatuangalia wote wawili, akasema, "Huyu atakuwa miguu, huyu atakuwa masikio. Haya, nendeni." Tukaenda. Tuliitana Miguu na Masikio mpaka walimu wakadhani ndiyo majina yetu.

Sasa nakuletea kazi ya masikio. Mhudumu wa afya wa huko kwetu atakupa kifurushi. Ndani kuna kinasa sauti, ukubwa wa kipande cha sabuni, hedifoni, na kadi zenye sauti za watu wetu. Wasaidizi wangu walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza wasioona, wasiotembea, wagonjwa wa muda mrefu: mnafikaje zahanati, nani anawapeleka, mkifika mnapokelewaje. Nahitaji mtu wa kusikiliza na kuandika kila neno kwa lugha yetu, halafu kwa Kiswahili. Baada ya hapo kila nyumba isomewe maneno yake, na mwenye kutaka kuyafuta ayafute. Sitaki tuwe kama yule mtafiti wa zamani aliyekupima miguu kwa utepe wa fundi cherehani, akaondoka, hatukusikia tena alipata nini.

Hapa hakuna anayejua lugha yetu ila mimi, nami nimezidiwa. Mwezi wa Septemba nitasimama mbele ya jopo kuomba kigoda cha uprofesa wa afya na ulemavu katika jamii za asili. Hajawahi kukikalia mtu wa kwetu.

Kuna jambo nimekuwa nikilifikiria. Siku ile kwenye barabara ya shule, wale watu waliokaa ukutani wakicheka. Ulinibandika kiganja shingoni, na ishara ile ilikuwa na maana moja tu: pita, usisimame, usiulize. Nikapita. Hujaniambia mpaka leo walisema nini.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 19 Februari

Mdogo wangu, profesa mtarajiwa,

Kifurushi kimefika kikinuka spiriti ya hospitali. Nimekaa dirishani na madude haya masikioni, majirani wakipita wananiuliza nasoma habari saa ngapi. Mjomba ananiita Karani. Nimemwambia karani hulipwa, akaenda zake.

Kazi ni nzuri. Sikujua mtu anaweza kukaa na sauti ya jirani yake namna hii, karibu kuliko alivyokaa naye maisha yote. Yule baba wa mguu mmoja, aliyeko nyuma ya kisima, ameulizwa, "Unafika zahanati bila shida?" Akajibu, "Tunafika." Msaidizi wako akasema, "Nakuuliza wewe, mzee." Akajibu, "Tunafika." "Peke yako?" Hapo amenyamaza. Nimeuandika ukimya huo, naomba usiufute. Baada yake kuna kuku, kisha mke wake anacheka kwa mbali, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama mume wake ana kichwa chake peke yake.

Hilo ndilo kosa la maswali yenu. Mnamkalisha mtu kwenye kiti, mnataka ajibu kama vile hana watu. Ameulizwa kama anafika, naye anafika. Mkewe ndiye aliye nusu ya safari. Mkiandika "hana shida," serikali itasema watu wa kwetu ni wazima kuliko wote duniani, na zahanati ifungwe.

Sasa nikuulize, usinune. Lugha yetu uliiongea kabla yangu, mimi nilichelewa kusema ingawa ndiye mkubwa. Kwa nini sauti za watu wetu zimerudi kwangu kama nguo za kufuliwa? Na kwa nini simu hupokei? Hapa nyumbani hakuna mtandao, unajua. Mjomba alinibeba mpaka kilimani, nikakupigia, ikaita mpaka ikachoka. Akaketi kwenye jiwe ameshika kiuno, akasema, "Amekuwa mkubwa." Nikakutetea. Akasema, "Basi amesahau lugha, anaona haya."

Kuhusu wale wa ukutani: masikio hayasimulii kila yanachosikia. Ungekuwa masikio ungejua.

Dada yako

*

Chuoni, 2 Machi

Daktari,

Nashukuru kwa mchoro wa usikivu wangu. Ule mstari unaoshuka kuelekea chini ya karatasi niliutazama muda mrefu, nikaona unafanana na njia ya kwetu inavyoshuka kwenda mtoni. Umesema sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Nimeelewa.

Vifaa nitavivaa nyumbani kwangu. Chuoni sitavivaa mpaka Septemba ipite. Kwenye jopo nitasoma midomo, tayari nimekuwa hodari. Wanafunzi wanadhani ninawatazama kwa makini kwa sababu ninawapenda.

Kwa lugha yangu ya kuzaliwa siwezi. Sisi tunaongea kooni, midomo imetulia kama ya mtu anayefikiri. Nikiwa na watu wangu sioni kitu cha kusoma. Ndiyo maana simu za nyumbani siwezi kuzipokea.

Tafadhali usimwandikie mkuu wa kitivo. Ndiyo, najua nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaambia watu kwamba ulemavu si aibu, kwamba shida iko kwenye ngazi na haiko kwenye miguu. Usinikumbushe.

Mgonjwa wako wa Jumanne

*

Chuoni, 6 Machi

Dada,

Lugha sijaisahau. Mwambie Mjomba ninaota kwa lugha hiyo, na kwenye ndoto kila mtu anaongea wazi. Simu zinanichosha tu. Mchana kutwa ni mikutano, jioni kichwa kinavuma. Barua ni bora. Barua naisoma nikiwa nimetulia, naona hata mahali ulipokandamiza kalamu.

Nimemwonyesha profesa wangu mzee, yule aliyenifundisha, ukurasa wa baba wa kisimani. Aliusoma mara mbili akaondoa miwani. Alisema miaka yote amesoma takwimu za watu wa asili wasiokuwa na shida ya kutembea, wala hakujua anasoma ndoa. Nimebadilisha maswali. Sasa tutauliza, "Mnafikaje? Nani na nani?" Umeniokoa, na sijui nikushukuru vipi bila kukuvimbisha kichwa.

Nimeota niko ndani ya chumba cha mtihani kilichojaa maji. Watu wazima wamekaa kwenye meza wanafungua na kufumba vinywa, na mapovu yanapanda. Nilijua kila povu ni swali. Niliyashika mkononi, yakapasuka.

Wewe huniambii habari zako. Unaendeleaje? Mjomba kiuno kimepona?

Mdogo wako

*

Nyumbani, 28 Machi

Mdogo wangu,

Kadi zinarudi kwako pamoja na karatasi zake. Nyumba zote zimesomewa. Mhudumu wa afya alinisukuma kwa toroli la mbolea, tumepita kama bibi harusi na mshenga wake. Mama mmoja asiyeona aliomba nifute pale aliposema wauguzi wanamfokea, halafu nilipofika mlangoni akaniita nirudishe. Akasema, "Waache wasikie, mimi sina cha kuona." Akacheka mwenyewe.

Kiuno cha Mjomba hakijapona. Tangu siku ile ya kilimani hanibebi. Habari zangu ni hizo.

Sikiliza sasa. Moja ya kadi nimeifunga uzi mwekundu. Watu wakishamaliza kuongea, mwishoni kabisa, nimeweka maneno yangu mwenyewe, kwa lugha yetu. Ni swali. Sitaliandika, kwa sababu kuna mambo nikiyaandika yatakuwa na uso wa barua ya ofisini, nami nataka uyapate kwa sauti yangu. Tena Mjomba anasema hutaelewa. Mimi nasema utaelewa. Nimeweka heshima yangu kwako.

Nijibu ndiyo au hapana. Usichelewe, kuna watu wanasubiri. Ukisema hapana, nami ni hapana, hakuna atakayenishinda. Ukisema ndiyo, nitajua umeshapima.

Masikio yako, kama bado unayatumia

*

Chuoni, 8 Aprili

Daktari,

Swali moja tu. Je, kuna mashine inayoweza kuongeza sauti ya mtu mmoja mpaka niielewe? Sio kelele, maneno. Nimejaribu hedifoni nzuri kuliko zote za maabara. Nimejaribu kukibana kinasa sauti kwenye taya, kisha kwenye mfupa wa kifua. Nahisi mtetemo wake. Najua ni yeye, anavyopumua kabla ya kusema, anavyoharakisha katikati na kupunguza mwisho. Nimemsikia kwa ngozi kwa saa nzima, sijapata hata neno.

*

Kliniki, 9 Aprili

Mpendwa wa Jumanne,

Hakuna mashine hiyo. Kuna njia ya bei rahisi: mwombe aliyesema akuandikie. Na mwambie sababu.

Daktari wako

*

Chuoni, 11 Aprili

Dada,

Ndiyo.

Nimekusikia mpaka mwisho, na jibu langu ni ndiyo. Wewe hujawahi kutaka jambo la kipuuzi. Chochote kinachokupa raha, nami kinanipa raha. Mwambie Mjomba ameshindwa, lugha ninayo.

Samahani barua ni fupi. Wametangaza majina ya jopo. Wako watano, mmoja ni bwana mmoja anayevaa tai ya kipepeo, anasemekana haamini kwamba mtu anaweza kuwatafiti watu wake mwenyewe bila kuwapendelea. Najiandaa mbele ya kioo. Natazama midomo yangu ikiniuliza maswali.

Sikuota chochote wiki hii. Usingizi umekuwa kama chumba kilichofagiliwa.

Mdogo wako akupendaye

*

Nyumba ya Malezi, mjini, 20 Mei

Kwako,

Anwani imebadilika kama unavyojua. Nilifika hapa mwanzoni mwa mwezi. Mjomba alinileta kwa gari la kukodi, akalia kama mtoto mpaka dereva akazima redio.

Chumba ni safi. Kuta nyeupe, kitanda kina vyuma ubavuni nisianguke, dirisha linatazama kamba za kuanikia mashuka. Asubuhi yakiwa yamejaa upepo ni mazuri, yanapumua. Tuko wanawake wanne. Mmoja hasemi. Wawili wanaongea wao kwa wao lugha yao. Watunzaji ni watu wema, wanatuita "mpenzi" wote wanne kwa sababu majina yanawachanganya. Kiti cha magurudumu kipo, cha kupokezana. Zamu yangu ikifika naenda mpaka getini kusikiliza barabara.

Sijasema lugha yetu tangu nifike. Jana nimejisemesha kidogo ndani ya shuka. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Sikulaumu. Niliuliza, ukajibu. Nilifikiri kwa kuwa umesomea mambo haya, kwa kuwa umeandika kitabu kizima kuhusu kwa nini watu wa asili hawapaswi kutolewa makwao na kuwekwa kwenye majumba kama haya, utasema hapana. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa hapana. Nilikuwa nimeshamwambia Mjomba asipoteze nauli. Halafu ikaja ndiyo yako, na maneno kwamba raha yangu ni raha yako. Nikajua umeshapima. Mtu mkubwa hupima kwa mizani yake.

Kazi ya kadi usinitumie tena. Hapa hakuna utulivu.

Mkazi wa dirishani

*

Chuoni, 27 Mei

Masikio,

Nakuita hivyo kwa sababu ndiyo jina pekee linaloweza kubeba ninachotaka kusema. Kaa vizuri. Kama mko wanne chumbani, geukia ukutani.

Sikukusikia. Siku ile niliyokujibu ndiyo, sikuwa nimesikia hata neno moja la ulichoniuliza. Sikuwa nimesahau lugha. Masikio yangu yanakufa. La kushoto limeshakwenda, la kulia linasikia milango na ngoma za sherehe, basi. Ilianza kabla ya mwaka jana. Ndiyo maana sipokei simu. Ndiyo maana sauti za watu wetu zilikuja kwako: nilizifungua, nikapata sauti ya mvua kwenye bati, siku nzima mvua kwenye bati. Nilikupa kazi, nikaiita kazi, kwa sababu sikuweza kuiita kwa jina lake.

Ulipofunga uzi mwekundu ukasema umeweka heshima yako kwangu, niliogopa. Ningeweza kuandika sentensi moja, "Dada, niandikie." Daktari aliniambia hivyo hivyo. Niliona nikiandika hivyo Mjomba atasema nimesahau, nawe utamwamini. Nikaona bora nikisie. Nilidhani unaniuliza kama ubaki na kinasa sauti. Nilidhani unataka kuwarekodia watoto nyimbo. Nilikaa kitandani nikakutengenezea maswali madogo madogo ambayo ningeweza kuyajibu ndiyo, na nikaijibu ndoto yangu mwenyewe.

Ninafundisha kwamba mtu asiulizwe peke yake. Maswali yangu niliyabadilisha kwa sababu yako. Halafu mimi mwenyewe nimekaa kwenye kiti, peke yangu, nikasema sina shida.

Jibu langu ni hapana. Ni hapana kwa kila ulichoniuliza pale mwishoni mwa kadi, hata kama sitakisikia kamwe. Nimemwandikia Mjomba. Nitakuja kukuchukua hata kesho. Kigoda wampe mwingine.

Niambie nifanye nini. Niko tayari kusubiri getini kwenu mpaka zamu yako ya kiti ifike.

Miguu

*

Nyumba ya Malezi, 12 Juni

We kiziwi,

Nimecheka mpaka yule asiyesema akageuka kunitazama. Watunzaji wakaja mbio na vidonge. Nikawaambia mdogo wangu ni kiziwi, wakasema pole mpenzi, nikacheka tena.

Miezi yote hii nilidhani umekuwa na kiburi. Kumbe hamna kitu, ni masikio tu! Ungeniambia ningelala usingizi. Kiburi sina dawa yake. Masikio ninayo, tena mawili.

Baada ya kucheka nimelia pia, usidhani. Nimelia kwa ajili ya kukisia kwako. Nimekuona umekaa kitandani na lile dude umelibana kifuani. Sijui kama nimewahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Nimekasirika vilevile. Hasira hiyo nimeiweka, nitakupa tukionana, sio ya kuandika.

Sasa nisikilize, yaani nisome. Huji kunichukua kesho. Mgongo wako ni wa mtu wa maktaba, utatuangusha wote wawili njiani, tulale kwenye mtaro. Tena usithubutu kuacha kigoda. Nimewasomea watu wetu maneno yao nyumba kwa nyumba juu ya toroli la mbolea, leo unataka kuyafungia kabatini kwa sababu unaona haya? Yule mama asiyeona amesema waache wasikie. Nani atawasikilizisha?

Tutafanya hivi. Septemba nakuja mimi. Mhudumu wa afya atanisindikiza, ana shangazi yake huko mjini kwenu, anatafuta sababu. Utakapokaa mbele ya jopo, kiti changu kitakuwa nyuma ya bega lako. Maneno ya maswali nitakuandikia kwenye karatasi, mwandiko wangu unaujua. Sauti zao nitakugongea begani kama zamani. Bega la kulia, anauliza kwa kutaka kujua. La kushoto, anauliza kwa kutaka uanguke. Unakumbuka? Ndivyo tulivyopita mbele ya mbwa wa yule mwenye duka.

Ila kuna sharti. Waambie kabla sijafika. Sitaki kuingia chumba ambacho mdogo wangu amejificha. Nitaingia kama masikio yako, siji kama siri yako.

Baada ya Septemba sirudi kwenye mashuka haya. Narudi nyumbani. Namna gani, tutapanga tukiwa wawili.

Masikio

Ninyi huko mna vigoda. Mimi nitakuja na kiti changu.

*

Chuoni, 3 Agosti

Masikio,

Nimewaambia. Nilikwenda kwa mkuu wa kitivo nikiwa nimevaa vifaa vyote viwili, nywele nimezifunga juu kabisa. Nilisema, kisha nikangoja. Aliangalia meza, kwa hiyo sikuweza kumsoma. Nilihesabu vitabu kwenye rafu yake, vitatu ni vyangu. Kisha akachukua karatasi akaandika, "Unahitaji nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo. Nikaandika, "Dada yangu."

Wamekubali. Bwana wa tai ya kipepeo alipinga, nimeambiwa. Kuna mteremko wa kiti kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, nimeupima mwenyewe. Mlango wa mbele una ngazi. Nimepita kwenye ngazi hizo kila siku nikienda kufundisha kuhusu ngazi.

Mjomba amejibu barua yangu. Anasema nyumba yako haijaguswa, anafagia kila Jumamosi. Amemalizia hivi: "Nilimwambia umesahau lugha. Mwambie nimejuta."

Jana nimeota uko mgongoni, na umelala.

Miguu

*

Nyumbani, 2 Oktoba

Miguu,

Nimefika. Njia ilikuwa mbovu kama kawaida lakini kiti cha magurudumu ulichoninunulia kimevumilia. Watoto wamekipanda wote kabla yangu. Yule baba wa kisimani na mkewe wamekuja kuangalia magurudumu, akaniuliza kinafika zahanati? Nikamwambia, kinafika na nani? Wakacheka wote wawili kwa pamoja, karibu wawe mtu mmoja.

Habari kwamba umepata kigoda zilitangulia. Mhudumu wa afya amezimwaga zahanati nzima, anasimulia kama alikaa yeye mwenyewe mbele ya jopo. Mjomba ananiita Profesa sasa, wewe anakuita Miguu ya Profesa. Uzoee.

Nataka tuongee kuhusu swali la mwisho.

Maswali mengine yote nilikuandikia neno kwa neno. Hata lile refu la yule mama wa jopo mwenye shali, lililokuwa na maswali manne ndani yake kama kabichi. Nilikugonga bega la kulia, ukajua anataka kujua kweli, ukamjibu vizuri mpaka akaacha kuandika. Ulipoeleza kuhusu nani-na-nani, na ukawasomea ukimya wa baba wa kisimani, ukanyamaza muda ule ule alionyamaza yeye, nilijua umenisikia. Hukuwahi kuupata ukimya ule masikioni. Uliupata kwenye mwandiko wangu.

Halafu akaja bwana wa tai. Alianza kwa tabasamu. Alisema maneno yake, sio mengi. Nikaiweka kalamu chini. Nikakubandika kiganja shingoni.

Nilihisi mgongo wako unashtuka. Niliogopa utageuka kuniuliza. Hukugeuka. Ulimwinamia kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepisha gari la mizigo, ukamtazama anayefuata ukasema, "Ninasubiri swali lako." Ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo ningependa ungeisikia. Yule mama wa shali alivua shali akaikunja magotini. Bwana wa tai alikunywa maji. Profesa wako mzee alikuwa nyuma karibu yangu, alicheka puani.

Najua unalala ukijiuliza alisema nini. Najua pia kuna watu ukumbini wangekuambia ukiwauliza. Usiwaulize. Kile ni changu. Nimekiweka pamoja na kile cha wale wa ukutani, vinakaa mahali pamoja, vinafanana kuliko unavyodhani. Mimi vinanienea. Wewe unatembea.

Hasira yangu niliyoahidi nimeisahau kwa mhudumu wa afya, nitaifuata ukija.

Masikio

*

Chuoni, 15 Oktoba

Masikio,

Sijauliza.

Muhula ukiisha nakuja kukaa. Wamekubali niandike kutoka nyumbani nusu ya mwaka, nusu nyingine nifundishe hapa, nawe uje unapotaka. Mjomba amesema atatoboa dirisha la pili kwenye chumba chako, tusigombanie mwanga.

Kadi yenye uzi mwekundu ninayo. Sijakuomba uniandikie kilichomo, na sasa sitakuomba. Usiku nikilala naiweka chini ya mto.

Jana nimeirudia njia ile nyeupe. Ulikuwa mgongoni, uko macho. Pembeni kulikuwa na ukuta, na juu yake watu, vinywa wazi, mapovu yakipanda. Nilisikia kiganja chako kikitua shingoni, kikiwa na joto. Nikapita.

Miguu